Mkibana matumizi, mbanane wote!

Ikifika tarehe 20 ya mwezi, nyumba nyingi za hapa Dar huanza wimbo uleule: tubane matumizi. Sawa, hakuna ubaya. Ila hebu nikuulize, mpenzi msomaji: kwenu anayebanwa ni nani?

Nimeongea na mashosti zangu kadhaa juu ya hili na jibu lao ni moja. Baba akitangaza kwamba hali ngumu, kinachopunguzwa ni pesa ya jikoni. Ile ya kumwagilia moyo Ijumaa ipo palepale. Na sisi akina mama tusijifanye malaika! Mbona sare ya kitchen party haikosekani hata mwezi ambao ada ya mtoto haijatimia?

Mmoja wa mashosti hao alipunguziwa pesa ya matumizi kutoka 10,000 hadi 9,000 kwa siku, ati kwa sababu umeme unakula hela. Elfu moja tu, utasema. Lakini kwa mwezi ni 30,000, na ndiyo iliyokuwa inamwezesha kununua mafuta ya dumu. Akarudi kwenye mafuta ya kupima, mkaa wa kopo na sukari ya robo. Unajua mwenyewe, ukinunua kidogo kidogo unalipa zaidi. Kibaya kuliko vyote, alinuna. Chakula kikawa kinatengwa kimya kimya, baba naye akaanza kula huko huko nje.

Kilichowasaidia ni kukaa mezani na kalamu. Hesabu yenyewe ya darasa la tano: chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa kinazowaka, gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo uniti zako. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, bei iliyopangwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT na tozo inafika kama 356.

Sasa angalia. Hita yao ya kuogea ni ya wati 4,500. Baba anaoga dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Hiyo ni uniti moja na nusu kwa siku, karibu 16,000 kwa mwezi. Dar hii, joto lote hili, maji ya moto ya nini? Nje kulikuwa na taa mbili za wati 60 zinazowaka usiku kucha, saa 12. Ukiweka za LED za wati 9 unaokoa kama 13,000 kwa mwezi. Jumlisha: 29,000! Karibu ileile pesa iliyomnyima mwenzake usingizi, na ilikuwa bafuni na ukutani, wala si kwenye sufuria.

Kuna wengine wako kwenye kundi la matumizi madogo, ambao uniti ni 100 kabla ya kodi. Hapo chungeni: mkivuka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi zinapigwa 350. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja, hivyo nyoosheni nguo za wiki kwa mkupuo mmoja badala ya kila asubuhi shati moja. Na kwa wapenzi wa maharage, jiko la presha la umeme haliwezi kumaliza uniti moja kuyaivisha. Mkaa wa kopo utaisha yakiwa bado magumu.

Mchele nao, kwa nini kununua kilo moja moja dukani kwa Mangi? Tafuta majirani wawili mnaoaminiana, changeni, chukueni gunia sokoni mgawane. Ila mpime mbele ya wote, maana urafiki umeshavunjika kwa kibaba!

Wapangaji, na ninyi mna lenu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa mnaponunua LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Usifute zile meseji za manunuzi. Siku akija kudai kodi ya miezi sita, mkaribishe vizuri, mpe chai, halafu mwonyeshe jumla ya makato muitoe kwenye kodi yake. Mume awepo, maana baba mwenye nyumba wengine wakikukuta mwanamke peke yako wanajifanya hawasikii.