Amri Moja Tu: Kusimamisha Klasta kwa Kutumia Make

Makala hii ni kwa wale wanaosoma kompyuta, na hasa wale wenye miradi ya vikundi muhula huu.

Mwaka 2023 tulikuwa watu wanne, hapa hapa Uingereza, tunatengeneza mfumo wa kukata tiketi za mabasi. Mfumo wenyewe uliendeshwa na Kubernetes, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kuusimamisha. Wiki ya kuwasilisha kazi bibi yangu akafariki Tanga, nikapanda ndege. Siku ya pili ya matanga nimekaa jamvini na wazee, simu inaita: "Kaka, klasta imekataa kuwaka." Nikatoka nje, nikawasomea amri 14 kutoka kichwani. Nikasahau moja. Mfumo haukuwaka mbele ya mwalimu, alama zikapotea. Kwa kweli kosa halikuwa la wenzangu. Lilikuwa langu, maana kazi ya watu wanne niliiweka kichwani mwa mtu mmoja.

Kwanza, klasta ni nini? Ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja kama moja. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ndiyo inayoamua programu ipi iendeshwe kwenye kompyuta ipi, na programu ikizimika inaiwasha tena. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake nahodha. Sasa mwanafunzi atapata wapi kompyuta kumi? Ipo programu ya bure inaitwa kind. Inachukua kontena za Docker na kuzitumia kana kwamba kila moja ni kompyuta kamili. Klasta nzima inakaa kwenye kompyuta yako ya mkononi. Ukiivuruga unaifuta, unaanza upya.

Tatizo ni wingi wa hatua. Ukiruka moja, umekwama. Hapo ndipo Make inapoingia. Make si kitu kipya: Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikwisha kulirekebisha. Alikuwa amesahau tu kuijenga programu upya! Yaani, yaliyonikuta mimi yalishawakuta wakubwa.

Unaandika faili moja, unaliita Makefile, unaliweka pamoja na kazi yenu:

.PHONY: klasta picha peleka futa

klasta:
	kind get clusters | grep -qx tiketi || kind create cluster --name tiketi

picha:
	docker build -t tiketi:1 .

peleka: klasta picha
	kind load docker-image tiketi:1 --name tiketi
	kubectl --context kind-tiketi apply -f mipangilio/

futa:
	kind delete cluster --name tiketi

Mstari wa "peleka" unasema: kabla ya kupeleka, hakikisha klasta ipo na picha ya programu imejengwa. Mwenzako anaandika "make peleka", basi. Akimaliza, "make futa".

Sasa mambo manne yaliyonisumbua, ili yasikusumbue na wewe.

La kwanza, Make huangalia mafaili na saa yalipobadilishwa, na klasta si faili. Siku ukiwa na folda inayoitwa "picha", Make itaona kitu kipo tayari na haitajenga chochote. Mstari wa .PHONY unaiambia kwamba hayo ni majina ya kazi tu.

La pili, amri iweze kurudiwa bila madhara. Ukiiambia kind iunde klasta ambayo tayari ipo, itakataa na kazi yote itasimama. Ndiyo maana tunauliza kwanza kama ipo.

La tatu, picha iliyojengwa kwenye kompyuta yako haionekani ndani ya klasta mpaka uiingize. Hiyo "kind load" ndiyo amri niliyoisahau Tanga. Na ipe picha namba, kama hiyo 1. Ukiiita "latest", Kubernetes kwa kawaida itakwenda kuitafuta kwenye intaneti, na huko haipo.

La nne ni la hatari zaidi. Bila --context, kubectl hupeleka kazi kwenye klasta yoyote iliyochaguliwa mara ya mwisho. Kama una kibarua mahali na uliingia kwenye klasta yao jana, utapeleka tiketi zako za mabasi kwa wateja wa watu.

Halafu kuna hii: kila amri ndani ya Makefile lazima ianze na kitufe cha Tab, si nafasi za kawaida. Hiyo Tab imeshatutia tabu wengi.

Ukimaliza, usijipongeze kwanza. Mpe mwenzako ambaye hajawahi kuisimamisha klasta, awe na Docker, kind, kubectl na Make tu, wewe ukae pembeni usiseme neno. Akikwama akakuuliza, jibu lako halina budi kuingia kwenye faili, si masikioni mwake.

Sisi tulifanya hivyo muhula uliofuata, na ikawaka. Nilikuwa hapo hapo, lakini hakuna aliyenihitaji. Nilifurahi, jamani.

Kazi njema, na mitihani iwe myepesi.