Daftari Kwanza, Jina Baadaye

Ubia mwingi wa Bumala na masoko mengine ya Butula, magharibi mwa Kenya, hauna mkataba wa maandishi. Mmoja anatoa mtaji, mwenzake anavuka Busia au Malaba kufuata mahindi na mayai Uganda, na hesabu inakaa kwenye daftari la mkono na jumbe za M-Pesa. Hesabu zikikataa, matusi hutangulia. Picha ya mshirika inatupwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, na chini yake maneno: "Mkora huyu, ameiba pesa zetu, msimpe mali." Aliyechafuliwa naye anatafuta wakili afungue kesi ya kashfa. Kwa maoni yangu, kesi hiyo aghalabu hufunguliwa mapema mno, na wa kwanza kuumia ni yule aliyeifungua.

Sababu imo ndani ya sheria yenyewe. Ukweli ni kinga kamili dhidi ya dai la kashfa, na mzigo wa kuuthibitisha humwangukia aliyesema. Kwa hiyo mdaiwa atakachofanya ni kuleta daftari lile lile mahakamani, na ugomvi wa jina utageuka ugomvi wa hesabu, ila sasa kwa gharama ya mawakili na kwa miaka. Pesa zenyewe zina njia fupi zaidi. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inapokea madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya pesa ambazo mtu amepokea kwa niaba ya mwingine, na inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama hiyo hiyo imekatazwa waziwazi kusikiliza kashfa. Kuvunja ubia na kupiga hesabu zake zote huenda kwenye mahakama za kawaida, lakini hata huko Sheria ya Ubia ya 2012 inamlazimu mshirika kumpa mwenzake hesabu za kweli.

Wapo watakaosema kwamba mfanyabiashara wa mpakani anaishi kwa jina. Ni kweli tupu: anayechukua mali kauli hana dhamana nyingine, na msambazaji aliyesoma ujumbe ule hatampa hata trei moja ya mayai. Sheria inalijua hilo, ndiyo maana kashfa inayogusa kazi au biashara ya mtu, hata ikiwa ya mdomo, haimlazimu kuthibitisha hasara. Tena muda ni mfupi, miezi 12 tu tangu maneno yatoke. Ila siku 60 ndani ya miezi 12 zinaacha nafasi ya kutosha. Barua ya kudai ujumbe ufutwe na radhi iombwe inaweza kutumwa wiki hiyo hiyo, huku dai la pesa likiendelea.

Kinachowavuta wengi, nadhani, ni kiwango cha fidia. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema maandishi yanayomsingizia mtu kosa la kifungo kisichopungua miaka 3 hayalipwi chini ya shilingi 400,000. Anayedaiwa 90,000 na mshirika wake akisikia hivyo, hamu ya kufungua daftari humwisha. Asichoambiwa ni kwamba fidia hutolewa kwa aliyeshinda, na kushinda kunategemea mapengo ya lile daftari analolikwepa.

Aliyetupa picha naye asijidanganye. Daftari likionyesha upungufu limethibitisha deni. Wizi unahitaji nia mbaya, na nia haiandikwi kwenye safu ya matumizi. Angemwandikia mshirika wake peke yake, kusingekuwa na kashfa, kwa kuwa hakuna wa tatu aliyesoma. Angepiga ripoti polisi kwa nia njema, sheria ingemkinga. Kundi la watu 200, wengi wao wasio na haki yoyote katika biashara hiyo, halina kinga ya namna hiyo. Na wanachama wa kundi wakiwa pande zote mbili za mpaka, hatari inaongezeka: Kenya Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la jinai la kashfa katika kifungu cha 194 mwaka 2017, ilhali Uganda Mahakama ya Katiba ilikataa kulifuta la kwao mwaka 2009.

Kesi ya jina inabaki na mahali pake pale hesabu zimekwisha kufungwa, kila mtu amelipwa chake, na mmoja bado anazunguka Bumala akimwita mwenzake mwizi.