Kisiwa Kisicho na Bahari

Tukisikia neno "kisiwa", mara moja twafikiri nchi ndogo iliyozungukwa na bahari, kama Unguja, Pemba au Mafia, au vile visiwa vidogo vya Karibi tunavyovisoma katika jiografia. Lakini hapa kwetu, wilaya ya Kilosa, kiko kisiwa kisicho na bahari, nacho ni milima ya Vidunda. Mimi ni mtu wa huko kwa upande wa mama, na kwa desturi ya Wavidunda hiyo yatosha kunifanya Mvidunda kamili. Sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza nataka msomaji aione nchi yenyewe ilivyo.

Ukifika Mikumi kwa barabara kuu itokayo Morogoro, utakuta njia panda. Njia moja yashika upande wa Iringa na Zambia, na nyingine yaelekea kusini kwenda Kidodi, Kidatu na Ifakara. Milima ya Vidunda imesimama katikati ya njia hizo mbili. Upande wa kusini umefungwa na mto Ruaha Mkuu, ambao unaitenga milima hii na ile ya Udzungwa. Upande wa kaskazini na mashariki ziko mbuga za Mikumi, ambazo zimepata jina lao kwa miti ya mikumi, jamaa ya mnazi. Sehemu ya mbuga hizo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964. Kwa hiyo magari, malori na mabasi hupita chini pande zote mbili usiku na mchana, na wasafiri walio wengi huitazama milima hii dirishani bila kujua kwamba juu kule wako watu, shule, mashamba na makaburi ya mababu.

Sasa tuangalie mvua, kwa sababu ndiyo iliyofanya watu wakae mlimani. Upepo wa bahari ya Hindi huja na mvuke mwingi. Ukifika penye milima hauna njia ila kupanda, na hewa ikipanda hupoa; kwa kadiri, hupungua digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000. Hewa ikipoa haiwezi kuushika mvuke wake wote, basi mvuke hugeuka mawingu, na mawingu hugeuka mvua. Ndiyo sababu upande wa mashariki wa milima ni wa kijani na vijito vyake ni vingi. Upepo ukiisha kuvuka kilele hushuka upande wa pili ukiwa mkavu. Mwanafunzi akitaka ushahidi, na asafiri kwa basi la Iringa mpaka Ruaha Mbuyuni. Atakuta bonde lenye joto na mibuyu mingi, na jina la mahali lamweleza hivyo hivyo. Jambo hili hutokea pia katika kisiwa cha Dominica huko Karibi, ambako upande unaoelekea upepo hupata mvua kupita upande wa pili. Mlima hufanya kazi ile ile, uwe baharini au barani.

Wataalamu wa viumbe nao huyaita makundi ya milima ya mashariki mwa Tanzania "visiwa". Tangu Upare na Usambara, kupita Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hata kufika Udzungwa na Mahenge, misitu ya juu imetengana kwa nyika kavu muda wa mamilioni ya miaka. Mnyama au mmea wa msituni hawezi kuivuka nyika hiyo kwa urahisi, basi hubaki mahali pake na kugeuka polepole kuwa wa namna yake peke yake. Majirani zetu wametoa mifano ya ajabu. Mwaka 1991 alitambuliwa katika misitu ya Udzungwa ndege wa jamii ya kwale ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia, na mwaka 2005 yule wa Rubeho alielezwa kuwa ni wa namna ya pekee. Katika mwaka huo huo wa 2005 ulimwengu ulitangaziwa habari za nyani aitwaye kipunji, akaaye milima ya Rungwe na Udzungwa. Wataalamu hawakumpa jina jipya. Walilichukua jina walilolikuta kwa wenyeji, ambao walimjua tangu zamani. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwani nitalirudia.

Maisha ya kila siku mlimani si magumu kwa aliyeyazoea, lakini hayana mchezo. Mahindi na maharage ndiyo tegemeo, pamoja na ndizi, mihogo, magimbi na viazi vitamu. Mashamba yako ubavuni mwa mlima, hata mkulima husimama mguu mmoja juu na mwingine chini. Trekta haliwezi kulima huko, basi kazi yote ni ya jembe la mkono. Nyumba za zamani zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa nyasi. Siku hizi za matofali na mabati zimezidi. Lakini bati halipandi mlima lenyewe. Wakati wa masika njia ikiharibika, bati, saruji, chumvi na dawa hupandishwa kwa kichwa, na mahindi na ndizi huteremshwa kwa kichwa vile vile. Kwa sababu hiyo mtu wa mlimani huuza kwa bei ndogo na kununua kwa bei kubwa. Hili ndilo linalowavuta vijana washuke Kidodi, Kidatu na Mikumi, kwenye mashamba ya miwa, maduka na reli. Reli ya kutoka Kilosa ilifika Mikumi mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965, na mitambo ya umeme ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975. Kila kazi mpya huko chini iliwateremsha watu wengine.

Sasa nitaeleza habari ya ukoo wa mama. Wavidunda, kama vile Waluguru, Wakaguru na Wasagara, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wala si wa baba yake. Mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mama, ana neno kubwa katika mambo ya mpwawe: posa, urithi, ugonjwa na msiba. Hii haina maana kwamba baba si kitu. Baba huheshimiwa na hulea. Lakini ukiuliza, "Shamba hili ni la nani?" jibu la zamani lilikuwa jina la ukoo, na ukoo ule ulipita kwa akina mama. Mwanamke hakuwa mgeni katika ardhi aliyoilima. Watu wa makabila mengine hutucheka kwa desturi hii. Nami nawaomba wafikiri: mahali pengine mjane alifukuzwa shambani siku mumewe alipozikwa, lakini mjane aliyekuwa akilima ardhi ya ukoo wake mwenyewe hakuwa na wa kumfukuza.

Siku hizi mambo yanageuka. Ardhi imepata bei, na baba aliyepanda miti au kujenga nyumba ya matofali hutaka watoto wake wairithi, si wapwa zake. Hapo hutokea magomvi ya wajomba na watoto. Yafaa wazazi wajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba kijiji chaweza kumpa mtu au jamaa hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa maoni yangu, ukoo wenye busara utakaa chini mapema, mjomba, baba na mama pamoja, na kuandika mipaka wakati wazee wanaoijua wangali hai. Mzee akiisha kufa, mpaka wake hubaki maneno matupu, na maneno matupu hayafai barazani.

Desturi nyingine zinafungamana na ardhi hiyo hiyo. Katika makabila haya ya Morogoro, ukoo ukipatwa na ukame au maradhi, wazee walikwenda makaburini au kwenye msitu mdogo wa mizimu, wakamimina pombe na unga, wakawataja mababu kwa majina. Msitu ule haukukatwa mti wala kuchomwa moto. Wako Wakristo na Waislamu wengi siku hizi wasiokwenda tambikoni, nami siwalaumu. Lakini tuone matokeo yake. Ile miiko ililinda miti, na mara nyingi miti ile ilisimama penye chemchemi. Mwiko ukiondoka na pasipatikane kitu cha kushika mahali pake, panga huingia, na nyuma ya panga hufuata moto, na mwishowe kijito hukauka.

Serikali imetunga sheria ya kushika mahali pa mwiko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au penye chanzo cha maji. Sheria ni nzuri, lakini peke yake haitoshi. Jirani zetu wa Uluguru wanatupa somo. Baada ya mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao ili udongo usichukuliwe na maji. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na wenye mashamba hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango wenyewe ukaachwa. Jambo jema likiletwa kwa fimbo huchukiwa pamoja na fimbo yake. Basi mlima sharti utunzwe na wenyewe, nao watautunza wakijua faida yake. Na faida yenyewe haiishii kwetu. Maji ya vijito vyetu huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Vijito vyetu ni sehemu ndogo sana ya maji hayo, lakini mto hauna maji mengine ila ya vijito.

Limebaki jambo moja, ambalo kwangu ndilo kubwa, nalo ni lugha. Kividunda, au Chividunda kama wasemavyo wenyewe, ni lugha ya Kibantu yenye jamaa nyingi na Kisagara na lugha nyingine za jirani. Shuleni, sokoni, kanisani na msikitini twasema Kiswahili, na ni vema, kwa maana Kiswahili kimetufanya taifa moja. Lakini watoto wengi waliozaliwa huko chini hawaisemi tena lugha ya mama zao. Msomi mmoja, Karsten Legère, aliitafiti lugha hii, na mwaka 2009 ilichapwa makala yake juu ya majina ya mimea katika Kividunda. Ni heshima kwetu, lakini pia ni aibu kidogo, kwamba mtu wa Ulaya alikuja kuandika majina ya miti ambayo sisi twapita chini yake bila kuyajua.

Mtu aweza kuuliza, "Kuna hasara gani jina la mti likipotea, ikiwa mti wenyewe upo?" Mkumbuke yule kipunji. Kabla wataalamu hawajamwona, alikuwa akiishi katika maneno ya wenyeji, na maneno hayo ndiyo yaliyowaongoza. Jina la mti katika lugha ya kwetu huenda pamoja na habari zake: huu ni dawa ya tumbo, huu hauliwi na mchwa, huu ukiota hapo basi chini pana maji. Jina likisahauliwa, na habari zake hufuata. Baada ya hapo mti wenyewe huwa ni kuni tu, na kuni hukatwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wenzangu wa milimani na wa mabondeni. Likizo ijayo kila mmoja achukue daftari la kurasa chache, akae na bibi au mjomba wake, aandike majina 20 ya miti katika lugha ya kwao, na kando ya kila jina aandike kazi ya mti ule na mahali unapoota. Pia aandike majina ya vijito na chemchemi za kijiji chake, na vile vilivyokauka avitie alama. Walimu wa biolojia na jiografia, kama watapenda, waweza kuyakusanya madaftari hayo katika maktaba yetu. Wazazi nao wasione haya kujibu maswali ya watoto, wala wasiseme kwamba mambo hayo ni ya kizamani. Kazi hii haihitaji fedha wala kibali cha mtu. Wahitaji wazee tu, nao hawatatungoja siku zote.