INJINI YA MZUNGUKO YATAFUTA MNUNUZI ANGANI

Mwaka 1970 General Motors ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 50 ili ipewe leseni ya injini ya mzunguko iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel. Hakuna gari hata moja la kampuni hiyo lililofika sokoni likiwa na injini hiyo.

Kilichoivutia General Motors kinaeleweka. Injini hii haina pistoni zinazopanda na kushuka, wala vali. Ndani yake huzunguka rota yenye pembe tatu. Vipande ni vichache, mtetemo ni mdogo, na kwa nguvu ile ile huwa nyepesi kuliko injini ya kawaida. Ubaya wake nao wanaujua mafundi waliowahi kuifungua: sili za kwenye ncha za rota huchakaa, petroli huisha haraka, na huunguza oili kidogo kidogo hata ikiwa nzima.

Kampuni ya NSU ya Ujerumani, iliyotoa gari la Ro 80 mwaka 1967, ilibeba gharama kubwa za kubadilisha injini chini ya dhamana, na mwaka 1969 ikaingia mikononi mwa Volkswagen. Mazda ya Japani nayo ilinusurika chupuchupu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, wateja wa Marekani waliyakimbia magari yake, ikabidi benki ya Sumitomo iiokoe. Ushindi wa mbio za Le Mans mwaka 1991 uliipa sifa, lakini sifa hailipi bili ya petroli. Gari la RX-8 lilisimamishwa mwaka 2012, baada ya masharti ya moshi kulifungia soko la Ulaya.

Mwaka 2023 Mazda ilirudi na MX-30 R-EV. Safari hii injini haiendeshi magurudumu. Ina rota moja, ukubwa wa sentimita za ujazo 830 na nguvu za farasi 75, na kazi yake ni kuzalisha umeme betri inapopungua. Betri yenyewe hulipeleka gari kilomita 85 hivi. Injini inayofanya kazi ya jenereta haisumbuliwi na kukanyagwa na kuachiwa kila mara, hivyo baadhi ya kasoro zake hupungua. Tatizo ni kwamba injini ndogo ya silinda tatu inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na viwanda vya kuitengeneza vipo tele. Mnunuzi wa gari hatalipa zaidi kwa kilo chache zilizopungua.

Mnunuzi wa ndege isiyo na rubani atalipa. Kwake kila kilo inayotolewa kwenye injini ni kilo ya kamera au ya mafuta ya kukaa angani. Injini ya AR741 ya kampuni ya Uingereza ya UAV Engines ina uzito wa kilo 11 hivi na hutoa nguvu za farasi 38. Ndiyo iliyokuwa ikirusha ndege za upelelezi za Shadow za jeshi la Marekani. Huko, injini inayohitaji kufunguliwa mapema si aibu, mradi irudi nyumbani.

Hata hivyo jeshi hilo liliamua mwaka 2024 kuziondoa Shadow, na majeshi hayapendi kubeba petroli pembeni ya mafuta ya ndege na dizeli. Hapo ndipo inapojaribu kuingia LiquidPiston ya jimbo la Connecticut, iliyoanzishwa mwaka 2004. Imeugeuza mpango wa Wankel: sili zimewekwa kwenye kuta za chumba badala ya kwenye rota, hivyo kuzipaka mafuta ni rahisi. Mwaka 2022 ilionyesha injini ya nguvu za farasi 25 iliyokusudiwa kutumia mafuta hayo mazito, na imepata mikataba ya majeshi ya Marekani. Mikataba hiyo ni ya utafiti na majaribio. Oda za maelfu, ambazo ndizo hushusha bei ya injini moja, ni jambo jingine.