Kwa Nini Injini Nyingine Zataka Petroli ya Oktani Kubwa

Watu wengi wafikapo penye kituo cha petroli huona namba mbili zimeandikwa, pengine 95 na 98, na bei zake si sawa. Hapo wengine hudhani kwamba ile ya bei kubwa ina nguvu zaidi, kama chai iliyotiwa majani mengi. Sivyo. Katika lita moja ya petroli hizi mbili nguvu zilizomo ni karibu sawasawa. Namba ile haipimi nguvu, bali yapima uvumilivu, na leo twataka kueleza uvumilivu huo ni wa nini.

Twaa bomba la baiskeli, uzibe mdomo wake kwa kidole, kisha usukume upesi upesi. Baada ya kitambo utaona bomba limepata moto, kwa kuwa hewa ikishindiliwa hupata joto. Sasa twende ndani ya injini. Mna silinda, nayo ni kama lile bomba, na ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Ikishuka huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Ikipanda huushindilia mchanganyiko ule juu kabisa. Ndipo plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka, na pistoni ikasukumwa chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo izungushayo magurudumu.

Twasema mchanganyiko huwaka, hatusemi hulipuka. Mtu achomapo nyasi za shamba huwasha upande mmoja, na moto hwenda mbele kwa mstari mpaka mwisho. Ndivyo uendavyo moto ndani ya silinda, ila safari yake yote huisha kabla hujapepesa jicho. Lakini fikiri: moto ungali katikati ya shamba, na nyasi za pembe ya mbali, kwa joto tu, zikajiwasha zenyewe zote pamoja! Hivyo ndivyo iwavyo petroli isiyo na uvumilivu ikishindiliwa kupita kiasi chake. Sehemu ambayo moto wa plagi haujaifikia hujiwasha kwa ghafula, na dereva husikia mlio kama wa misumari inayotikiswa katika debe, hasa gari likipanda mlima na mzigo mzito. Huko ndiko kugonga kwa injini. Kugonga kidogo hakudhuru sana; kukizidi, na dereva asiinue mguu, pistoni yaweza kutoboka, na mwenye gari akawa mtu wa kutafuta injini nyingine.

Basi kwa nini waundaji wasiache kushindilia sana? Kwa sababu petroli ile ile, ikishindiliwa zaidi, hutoa kazi nyingi zaidi. Motokaa ya Ford iitwayo Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilishindilia mara 4 hivi tu, ikaridhika na petroli hafifu. Motokaa nyingi za siku hizi hushindilia mara 10 na zaidi. Na nyingine zina tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuingiza hewa nyingi kwa nguvu. Hizo ndizo zitakazo oktani kubwa.

Kipimo chenyewe kilitungwa Marekani katika miaka ya 1920 na mtaalamu wa kemia, Graham Edgar. Alitwaa mafuta mawili: isooktani, yavumiliayo sana, akayapa 100; na heptani, yagongayo upesi, akayapa 0. Petroli ya 95 ni ile igongayo sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani.

Kabla yake, mwaka 1921, Thomas Midgley wa Dayton, Marekani, aligundua kwamba dawa ya risasi ikitiwa kidogo katika petroli huzuia kugonga. Ilikuwa rahisi, ikaenea duniani. Lakini risasi ni sumu. Mwaka 1924 watu 5 walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kwa kazi ya kuitengeneza, na kwa miaka mingi moshi wa motokaa uliipeleka katika damu ya watoto, ikadhuru akili zao. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Ya mwisho duniani kuiuzia motokaa ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Sasa uvumilivu hupatikana kwa namna ya kusafisha mafuta yenyewe, na pengine kwa kuyatia spiriti.

Je, mwenye motokaa afanyeje? Atazame kitabu alichopewa pamoja na gari, au ndani ya kifuniko cha tangi. Kikisema 95, basi 98 haitamwongezea kitu ila gharama. Kikisema 98, naye akatia 95, injini nyingi za siku hizi zina kifaa kisikiacho kugonga, nacho hukawiza cheche. Injini husalimika, lakini nguvu hupungua na petroli huliwa zaidi. Injini za zamani hazina kifaa hicho. Hapo sikio ni la dereva mwenyewe, naye akisikia misumari katika debe, na ainue mguu.