Kutoka Kaniama hata Kinshasa: Tuhesabu Saa za Safari

Mtu wa Kaniama akisikia kwamba ndege yaweza kutoka Kamina hata Kinshasa kwa muda wa saa mbili hivi, hufurahi, akadhani kuwa safari yake yote ni ya saa mbili. Hesabu hiyo ni pungufu, nayo yaweza kuleta hasara katika nyumba yenye mgonjwa au yenye fedha kidogo ya nauli. Basi, wasomaji wetu, tuipime pamoja.

Njia ya ndege hupimwa kwa mstari ulionyoka. Kutoka Kamina hata Lubumbashi mstari huo ni yapata kilometa 420. Lakini reli, iliyofika Bukama mwaka 1918 na kuendelezwa kupitia Kamina hata Ilebo mwaka 1928, huzunguka kwa Bukama, Tenke na Likasi. Urefu wake kati ya Kamina na Lubumbashi ni yapata kilometa 600.

Kutoka Kamina hata Kinshasa, kwa mstari ulionyoka, ni yapata kilometa 1,170. Ndege iendayo kilometa 600 kwa saa itaumaliza mwendo huo kwa saa mbili kasoro kidogo. Tuongeze nusu saa ya kuondoka, kupanda na kushuka: zatimia saa mbili na nusu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Saa ya Kamina hutangulia saa ya Kinshasa kwa saa moja, kwa kuwa jua hutuangazia sisi wa mashariki kwanza. Anayeondoka Kamina saa tatu asubuhi atafika Kinshasa saa nne na nusu ya huko, kana kwamba amesafiri saa moja na nusu tu. Akiondoka Kinshasa saa tatu, atafika Kamina saa sita na nusu ya huku, kana kwamba ndege imechelewa. Kumbe mwendo ni ule ule.

Jambo hili si dogo. Mama ampaye mtoto dawa kila baada ya saa nane, akianza saa moja asubuhi Kamina, ampe tena saa nane mchana ya Kinshasa. Akingoja saa tisa, amechelewa saa nzima.

Tena, msafiri wa Kaniama hana budi kufika Kamina kwanza. Kwa mstari ulionyoka ni yapata kilometa 160, lakini gari halipiti angani, na njia ya chini yaweza kula saa nyingi kuliko ndege yenyewe. Ziongezwe pia saa za kungoja kiwanjani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, jamaa wahesabu mambo matatu: njia ya kufika kiwanjani, kungoja, na kuruka. Kisha wamwulize mwenye kuuza tikiti: saa iliyoandikwa ya kufika, ni ya mji upi?