Redio za ridhaa zinavyoonyesha gari lilipo

MWENYE matatu anayengoja hesabu ya jioni mtaani Kianda, Kibera, ana shida moja kuu: hajui gari lake liko wapi. Akimpigia dereva simu huambiwa limekwama kwenye msongamano wa Ngong Road, na hana njia ya kuthibitisha.

Vifaa vingi vya kufuatilia magari hutegemea mtandao wa simu za mkononi. Iko njia nyingine isiyohitaji laini ya simu, nayo ni redio za ridhaa, zile zinazoendeshwa na watu kwa mapenzi yao bila kutafuta faida.

Mfumo wenyewe huitwa APRS. Mwasisi wake ni Bob Bruninga wa Marekani, mhandisi aliyefanya kazi katika chuo cha jeshi la majini mjini Annapolis na kufariki mwaka 2022. Ajabu ni kwamba mnamo 1984, kabla ya kuufikisha kwenye magari, aliutumia kufuatilia farasi katika mbio za maili 100.

Ndani ya gari, kipokezi cha GPS hunasa mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 angani na kukokotoa mahali lilipo. Modemu ndogo hugeuza tarakimu hizo kuwa milio, kisha redio huirusha hewani. Ujumbe mmoja huchukua takriban sekunde moja, hivyo magari mengi huweza kupokezana masafa yale yale.

Usahihi huo ni wa majuzi. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kosa lilifika mita 100 hivi. Kwa kosa hilo, matatu iliyo Kibera Drive ingeonekana imeegeshwa juu ya mabati ya nyumba za Kianda.

Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapendi vilima wala majengo. Ndiyo sababu huwekwa vituo vya kurusha upya mahali pa juu. Antena iliyo kwenye milima ya Ngong, kwa mfano, ingesikia magari mengi ya Nairobi. Vituo vingine hupeleka taarifa kwenye intaneti, gari likaonekana kwenye ramani.

Hata hivyo, mwenye matatu asifurahi mapema. Redio ya ridhaa huhitaji leseni, ambayo nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kanuni zake haziruhusu shughuli za biashara. Isitoshe, ujumbe haufichwi: mwizi mwenye kipokezi cha bei nafuu angeliona gari sawasawa na mwenyewe.

Faida yake hujitokeza kwingineko: mashindano ya magari nyikani, au magari ya uokoaji pale mafuriko yanapoangusha minara ya simu.

Wakazi wa Kibera si wageni wa GPS. Mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walitembea vichochoroni na vipokezi mkononi wakichora vijiji vyao, na mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa ramani ya njia za matatu jijini. Ramani hizo zinaonyesha barabara, si gari linalopita sasa. Kwa hilo, mwenye matatu wa Kianda amebaki na kifaa cha laini ya simu, au neno la dereva.